Wifi Hajataja Jina

Haya ninayoandika ameyasoma kwanza wifi yangu, kisha akayasoma mtu mwingine mtakayekutana naye mbele. Kila mmoja nilimpa kalamu afute asichokitaka. Huyo mwingine alifuta mistari minne, nami sikubishana naye. Wifi hakufuta hata nukta, ila aliongeza aya nzima ya kujisifu, na hiyo nimeifuta mimi.

Niseme pia kosa langu mapema, asije mtu akadai nimejificha. Mimi ndiye niliyemwambia wifi kwamba anaandika vizuri. Nilikuwa nimesimama na pasi mkononi, jasho linanitoka, yeye ananisomea kwenye simu habari ya mteja aliyeapa kwamba gauni lake limesinyaa lenyewe kabatini. Nilicheka hadi nikashika ukuta. "Wifi, una kipaji," nikamwambia. Natamani siku ile ningekuwa na jino bovu, mdomo usifunguke.

Wifi ni mke wa kaka yangu, fundi cherehani mwaka wa ishirini na tatu huu. Duka letu ni chumba kimoja chenye pazia katikati. Mbele ya pazia kuna meza ya kukatia na cherehani mbili, moja ya miguu na moja ya umeme ambayo hugoma ikiona kazi ni nyingi. Nyuma ya pazia ndiko watu wanakopimwa na kujaribia nguo. Mlangoni ni kwangu: meza ya pasi, benchi la wateja, kopo la vifungo na chupa ya chai. Yeye hukata na kushona. Mimi nakunja mapindo, nashona vifungo, napiga pasi na kumgombeza yeye. Kazi zote nne naziweza.

Ana jicho, huyo. Mtu mwingine akikutana nawe atatazama sura. Wifi atatazama mabega. Niliwahi kumkuta msibani analia, machozi ya kweli yanamtiririka, nikasogea kumshika, akaninong'oneza, "Yule wa mbele, koti lake limekatwa kwa mgongo wa mtu mwingine." Kaka yangu alipomwambia anataka kumwoa, jibu la kwanza alilopata ni kwamba bega lake la kushoto limeshuka. Wakaoana hivyo hivyo. Mtaani wanamwita Sentimita, naye anaitika.

Sasa, aibu ya maiti aijuaye mwosha, na aibu ya mzima anaijua fundi wake wa nguo. Nani kanenepa, nani kakonda kwa mawazo, nani ana mimba ambayo hata mumewe hajaambiwa, yote hayo hupita mikononi mwa wifi. Kwa miaka ishirini yalibaki nyuma ya pazia. Halafu binti yake akamfungulia blogu, akaiita Meza ya Fundi, eti aweke picha za magauni wateja waone. Akaweka picha. Hakuna aliyeziangalia ila binti mwenyewe na kaka yangu, tena kaka kwa kulazimishwa. Ndipo siku moja akaiandika ile habari ya gauni la kabatini, na asubuhi yake akakuta wasomaji tisini. Basi, tukaisha.

Alikuwa na sheria moja, na aliishika kama dini: jina hataji. Shida ni kwamba kwa wifi jina ndicho kitu kidogo kuliko vyote. Jina unaliandika kwenye kipande cha karatasi unakibana na pini; mtu mwenyewe ni vipimo vyake. Kwa hiyo aliondoa jina akaacha kila kitu kingine. Aliandika, "Mama mmoja, nyonga mia na ishirini na mbili, kitambaa cha kijani chenye ndege wa njano, anataka nimshonee kama ana tisini." Mtaa mzima mwenye ndege wa njano ni mmoja tu, na alikuwa amewavaa harusini siku tatu tu nyuma. Kabla ya saa sita alikuwa dukani.

"Fundi, umeniandika!"

"Nimetaja jina?"

"Na ndege wangu je?"

"Nimesema ndege. Sikusema wa nani."

Yule mama akageuka, akatoka na ndege wake. Siku hizi anadai aandikwe tena, na safari hii iwekwe picha, lakini siku ile aliondoka ameumia, mimi nilimwona. Nikamwambia wifi, "Mtu akikuvulia nguo nyuma ya pazia, hajakupa ruhusa ya kulifungua hilo pazia."

"Wewe umeandika lini ukajua?" akanijibu. "Wasomaji mia nne, wifi. Mia nne! Mimi ambaye watoto wangu wenyewe hawanisikilizi."

Hapo alinigusa, nikarudi kwenye pasi yangu. Na nisijifanye malaika: kila alipoandika, nilikimbilia kusoma. Mbio hasa. Yalikuwa ya wengine, na ya wengine ni matamu.

Sasa niwaletee Bwana Mizani. Huyu ni mkaguzi wa mizani sokoni. Anazunguka na mkoba wa mawe ya shaba ya kupimia, anaweka jiwe lake juu ya mizani yako, ikikaa sawa anapiga muhuri, isipokaa anaichukua. Hapokei hata ndizi moja. Wauzaji wakimwona kwa mbali hunyooka kama watoto wa shule. Ni mgane, watoto wamekwisha kuhama, anaishi na redio. Na kila Alhamisi, saa kumi jioni, alikuwa akija dukani kwetu na shati moja lililong'oka kifungo.

Kila Alhamisi, miaka miwili! Nikawa namgombeza. "Bwana, mashati haya unanunua wapi? Wanakuibia. Uzi gani huu haumalizi wiki?"

"Labda ni uzi, dada," anasema, anaketi kwenye benchi.

Kushona kifungo ni kazi ya dakika tatu. Yeye alikaa arobaini. Alikunywa chai yangu, akanieleza mizani gani imemdanganya wiki ile na kwa ujanja gani, akacheka kidogo kwa pua, akaaga. Nikajiambia, masikini, nyumba haina mtu, anatafuta pa kukaa. Mimi mwenyewe mume wangu ana mwaka wa nane ardhini, najua jioni inavyokuwa ndefu. Alhamisi nikawa navaa kitambaa changu kizuri cha kichwa. Kwa nini Alhamisi na si Jumanne, sikujiuliza.

Ilikuwa Jumatano asubuhi. Nasubiri pasi ishike moto, nafungua simu, naona wifi kaandika jipya tangu jana usiku. Nikaketi kwa raha zangu.

"Nina mteja," kaandika, "kifua tisini na sita, kiuno tisini na nane, mguu wa kulia umepungua sentimita mbili na nusu. Mwaka wa kumi huu namkatia suruali yenye mguu mmoja mfupi, na ndani ya kiatu ana soli ya ziada, na anayejua ni mimi na fundi viatu tu. Ajabu ni kwamba kazi yake ni kuwaambia wenzake kuwa vipimo vyao haviko sawa."

Hapo nilicheka. Nakiri mbele yenu, nilicheka, nikaendelea.

"Tena kila Alhamisi huleta shati lenye kifungo kilichokatika. Nimeutazama uzi kwa miwani: umekatwa kwa wembe. Anavikata mwenyewe, jamani, apate sababu ya kuketi mbele ya anayevishona. Naye anayevishona, kichwa kigumu, analaumu wauza mashati."

Mama yangu! Moyo ulinipiga, na nitasema ulipiga kwa nini: kwa furaha. Nilifurahi kama msichana wa miaka kumi na saba, kwa muda wa pumzi mbili. Kisha jicho likashuka chini ya ukurasa, pale panapohesabiwa wasomaji. Elfu mbili na mia tatu. Watu elfu mbili na mia tatu wamejua kwamba napendwa kabla yangu mimi.

"Wifi!" Pasi niliiweka chini, maana niliona nitairusha. "Nini hiki?"

"Umeipenda?" Anatabasamu, pini zimejaa mdomoni.

"Huyu ni Bwana Mizani!"

"Nimetaja jina?"

"Sokoni kuna wakaguzi wa mizani wangapi?"

Akafikiri. "Mmoja."

"Na washona vifungo humu tuko wangapi?"

Akafikiri zaidi. Akaanza kutoa pini mdomoni, moja moja. "Wifi, nilitaka kuwasaidia. Mngekaa na vifungo hivyo mpaka mzeeke."

"Tumeshazeeka! Na mguu wake je, ulitaka kuusaidia nini?"

Akainama kuokota pini ambayo haikuwa imeanguka. 

Tuliyasikia ya sokoni kabla ya adhuhuri, kwa mama muuza nyanya aliyekuja kuchukua sare ya mwanawe na kutusimulia huku anafuta machozi ya kucheka. Mkaguzi kafika kwake kama kawaida, kaweka jiwe lake, kasema, "Mama, mizani yako imepungua gramu hamsini." Naye, simu iko kifuani, akamjibu, "Na wewe mzee umepungua sentimita ngapi?"

Soko zima, jamani. Meza hadi meza. Mmoja kapaza sauti, "Nyani haoni kundule!" Mwingine kaleta kamba, eti apimwe. Wanaume wenyewe wakaanza kutazamana mapindo ya suruali, muuza vitunguu akagundua lake la kushoto liko juu, akaenda nyumbani kubadilisha kabla hajabandikwa jina. Bwana Mizani alirudisha mawe yake mkobani, kubwa kwanza, dogo mwisho, akafunga kifungo cha mkoba, akaondoka. Mama muuza nyanya alipofika hapo kicheko kilikuwa kimempungua mwenyewe.

"Aliondoka anachechemea," akasema. "Miaka yote hiyo sijawahi kumwona anachechemea."

Alhamisi nilivaa kitambaa changu kizuri. Saa kumi ikapita, na saa kumi na moja. Nilipiga pasi shati moja mara tatu. Wifi alikanyaga cherehani bila kuinua uso. Alhamisi ya pili nayo ikaja na kuondoka tupu. Sikuwa naogopa kuchekwa, mimi nimeshachekwa na wakubwa zaidi ya hao. Niliogopa kwamba hatakuja tena kabisa, na kwamba kitu ambacho sikujua ninacho nimekwisha kukipoteza. Niliumia, na nikamwambia wifi hivyo hivyo, kwamba ameniumiza.

Yeye alikuwa amekwisha kuifuta ile habari, Jumatano ile ile. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Watu walishaipiga picha kwenye simu zao wakawa wanarushiana. Na huko sokoni mambo yakawa mazuri kwa wauzaji. Mkaguzi yuko ofisini kajifungia, mizani hazikaguliwi, na ndani ya wiki mbili kilo ya soko zima ikawa robo tatu. Wale wateja waliocheka zaidi ndio sasa waliolalamika zaidi. Nilinunua sukari ya wiki ikaniishia siku ya nne.

"Nitaandika kuomba radhi," wifi akasema. Akaandika, akanipa nisome: "Naomba radhi kwa mteja wangu wa mizani, mwenye mguu uliopungua..."

"Wifi! Si unamwandika tena!"

"Nimetaja—" Akajikatiza mwenyewe. Akafuta, akaandika upya: "Naomba radhi kwa mteja niliyemwandika Jumatano, ambaye sitasema anafanya kazi gani sokoni."

"Mungu nipe subira," nikasema.

Ya tatu ilisomeka, "Naomba radhi kwa mtu fulani kwa jambo fulani."

"Na huyu fulani atajuaje ni yeye?"

Akatupa simu juu ya vitambaa. "Sasa wewe unataka niandikeje?"

"Usiandike! Kwani kila kitu lazima kisomwe? Umemkosea mtu mmoja, kamwombe radhi mtu mmoja. Nyanyuka, nenda kwake, mtazame usoni."

"Usoni?" Alisema hivyo kama nimemtuma akaguse nyoka. Wifi ana miaka ishirini na tatu anawatazama watu mabegani.

Nikasema simsindikizi. Nikamsindikiza.

Ofisi yake iko nyuma ya soko, chumba chenye meza, viti viwili na rafu za mizani zilizokamatwa, kila moja na kikaratasi cha jina la mwenyewe. Alikuwa anafuta mawe yake kwa kitambaa. Aliponiona nyuma ya wifi, alisimama, akakaa, akasimama tena. Wifi alikuwa na tepu yake ya kupimia shingoni, amesahau kuivua. Njia nzima alikuwa akijisomea maneno aliyopanga. Alipofika pale yote yakamtoroka.

"Bwana mkaguzi," akasema, "nimekuja kuomba radhi. Nilidhani nikificha jina lako nimekuficha wewe."

Bwana Mizani akaweka jiwe chini taratibu. "Fundi, mguu huu nimeutembelea miaka hamsini na sita. Mguu si kitu. Watacheka, watachoka, nami nitarudi na muhuri wangu, na yule mama muuza nyanya ndiye nitakayeanza naye." Akakikunja kile kitambaa cha kufutia mawe.  "Lakini lile jambo jingine nilikuwa nalitafutia siku. Mimi si msemaji. Nilikuwa na neno moja, mwaka wa pili huu nalipima, nisije kulitoa likiwa pungufu. Wewe umelitoa, umewapa watu elfu mbili. Nikilisema leo nitakuwa nasoma kilichoandikwa na mtu mwingine."

Wifi akaanza kulia, na safari hii hakutazama koti la mtu. "Nifanye nini, bwana? Niambie, nitafanya."

"Sijui, fundi. Lililotoka halina pa kurudi."

Wakabaki wanatazama meza, wote wawili, wamekubaliana kwamba jambo limekwisha. Mimi nimesimama mlangoni. Hakuna aliyeniuliza. Mmoja kalisema neno langu bila idhini, mwingine sasa analizika bila idhini, na mimi ndiye mwenye neno! Hasira ikanipanda toka unyayoni.

"Ebo!" nikasema. "Mnanigawana kama kitambaa juu ya meza? Bwana, nitazame. Wale elfu mbili na mia tatu wamesoma. Muuza nyanya kasoma, muuza vitunguu kasoma, na mimi nimesoma, nimeketi kwenye benchi na simu mkononi, kama wao. Hakuna hata mmoja wetu aliyeambiwa. Wameiba habari, neno hawajalipata, kwa sababu neno bado unalo. Sasa wewe unataka kuninyima langu kwa kuwa watu baki wamechungulia? Wao watasahau Ijumaa. Mimi sitaki kusoma. Mimi nataka kuambiwa."

 Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mwanaume bila kushika pasi.

Bwana Mizani alinitazama usoni. Kisha akazunguka meza, hakuficha kuchechemea, akanivutia kiti, akakifuta vumbi kwa kile kitambaa cha mawe.

"Wifi," nikasema bila kugeuka, "toka nje."

"Nikae tu pale kwenye ko—"

"Nje! Na mlango ufunge."

Akatoka. Mlango akaufunga vizuri, nikasikia hadi kitasa. Bwana Mizani akaketi mbele yangu, akakohoa, akaanza, akakosea, akaanza upya. Hakuwa na haraka, nami sikumharakisha. Aliyoniambia hayakufanana hata kidogo na yaliyoandikwa. Nami nikamjibu.

Tulipofungua mlango, wifi alikuwa ameketi juu ya gunia, watu wanampita na mabega yao naye hawaoni. Akaruka kusimama, macho mekundu, akanishika mkono kwa nguvu.

"Wifi, kasema nini?"

"Kasema na mimi," nikamjibu, nikamwambia twende tukafungue duka.